Kabla Hatujayamaliza Nyumbani

Karatasi yenyewe huwa ya daftari la mistari, imechanwa upande mmoja na kukunjwa mara nne hadi mikunjo imeanza kulika. Juu kuna tarehe, chini yake majina mawili, kisha kiasi cha fedha kwa tarakimu na tena kwa maneno, halafu sahihi au alama ya dole gumba, na pembeni muhuri wa serikali ya mtaa. Kwa miaka niliyofanya kazi ya kuwasomea na kuwaelezea watu karatasi za namna hii, nimezoea kuruka yote hayo na kwenda kwenye mstari wa mwisho, maana ndipo mambo yanapoamuliwa. Mstari huo husema: "Sina madai mengine yoyote." Nimeukuta kwenye makubaliano ya aliyegongwa na aliyemgonga. Nimeukuta, karibu kwa maneno yaleyale, kwenye makubaliano ya mume na mke walioamua kila mmoja akae kivyake. Wengi huona ajali ya barabarani na ndoa iliyoingia ufa kuwa ni mambo yasiyohusiana, ya mawakili tofauti na mahakama tofauti. Kwa aliyeshika karatasi hiyo mkononi, tatizo ni lilelile: ameachia haki ambayo hakuwahi kuambiwa kwamba anayo.

Sitasimulia kisa cha mtu yeyote hapa. Waliokaa mbele ya meza yangu walikuja na siri zao, na siri hizo si zangu. Ninachoweza kutoa ni nilichojifunza kwa kuona jambo lilelile likijirudia, nacho ni hiki: ushauri wa kisheria una manufaa makubwa kabla ya suluhu kuliko baada ya suluhu kuharibika. Sisi tumeupanga kinyume. Tunaanza na wazee, tunafuata viongozi wa dini, tunapita kwa mjumbe, na mambo yakishindikana kabisa ndipo tunamtafuta mwanasheria, tena huku tukiwa tumeshasaini. Wakati huo huwa hana la kufanya zaidi ya kukueleza ulichopoteza. Siwalaumu wazee wala wajumbe. Wengi wao wanapatanisha kwa moyo safi, na heri nusu shari kuliko shari kamili. Lakini nusu hiyo huwezi kuipima kama hujui kamili yake ni kiasi gani. Anayesamehe sehemu ya deni lazima kwanza alijue deni lenyewe, vinginevyo hajasamehe kitu, amefichwa tu.

Nianze na aliyeumia. Siku za mwanzo baada ya ajali ndizo siku mbaya kuliko zote za kufanya mapatano, na ndizo siku ambazo mapatano mengi hufanyika. Ndugu wanahangaika na gharama za hospitali, mwenye chombo anaogopa mahabusu, na fedha taslimu iko mezani. Hakuna anayejua bado kama mfupa utaunga vizuri, kama jicho litaona, kama fundi ujenzi atapanda tena jukwaa. Jeraha ambalo halijapona haliwezi kupangiwa bei, na daktari mwenyewe atakwambia hivyo. Juu ya hilo kuna dhana inayowagharimu watu wengi sana, kwamba kesi ya trafiki ndiyo itakayowalipa. Kesi ile ni kati ya Jamhuri na dereva. Dereva akikutwa na hatia na kutozwa faini, faini inaingia serikalini, na aliyevunjika mguu anaweza kutoka mahakamani asione hata senti. Hukumu ile ina thamani kubwa kwake kwa njia nyingine: ni ushahidi mzito atakaporudi kudai fidia katika shauri la madai. Lakini lazima arudi yeye mwenyewe. Hakuna atakayemrudishia.

Tena, anayedaiwa si dereva peke yake. Dereva aliyekuwa kwenye kazi ya tajiri wake huambatana na tajiri huyo katika madai, na nyuma ya tajiri kuna kampuni ya bima. Sheria ya Bima ya Magari, Sura ya 169, inamlazimu kila anayetumia gari barabarani awe na bima inayowalinda watu wengine watakaodhurika. Ndiyo ile stika ya kwenye kioo, ambayo siku hizi inahakikiwa kwenye mfumo wa mamlaka ya bima, TIRA. Kwa hiyo anayepatana na dereva maskini kwa huruma, akidhani hakuna mwingine wa kudaiwa, mara nyingi amemsamehe mwenye gari na kampuni ya bima bila hata kuwataja. Wao hawana sababu ya kumkumbusha. Na kampuni yenyewe inapokubali kulipa, hutanguliza hati ya kukiri kwamba malipo hayo ni kamili na ya mwisho. Hati hiyo ni halali, na kuisaini si kosa, ila inahitaji kusomwa na mtu anayejua maana ya maneno "kamili" na "ya mwisho", kabla kalamu haijagusa karatasi. Ukiwa na mgogoro na kampuni ya bima, ipo pia ofisi ya Msuluhishi wa Migogoro ya Bima, ambayo watu wachache mno wanaijua.

Halafu kuna muda. Kama kuna jambo moja ambalo ningetamani libandikwe kwenye mlango wa kila wodi ya mifupa, ni kwamba chini ya Sheria ya Ukomo, Sura ya 89, madai ya madhara ya namna hii hufa baada ya miaka 3. Miaka 3 inasikika mingi. Kwa mtu anayefanyiwa upasuaji mara ya pili na ya tatu, anayesubiri mwenye gari "arudi safari", anayeitwa kwenye vikao vya familia mbili kila baada ya miezi, inapita kama upepo. Na hapa ndipo mazoea yetu ya kuyamaliza nyumbani yanapogongana na sheria waziwazi: Mahakama ya Rufani ya Tanzania imekwisha kusema kwamba mazungumzo ya kutafuta suluhu hayasimamishi ukomo. Unaweza kuahidiwa kwa nia njema kabisa, ukaitwa vikao 10, ukapewa chai na pole, na siku zikaendelea kuhesabika. Likimhusu mtoto, sheria inamngojea hadi atoke utotoni. Ikidaiwa Serikali, kwa mfano gari la umma limekugonga, lazima utoe kwanza notisi ya siku 90 kabla ya kufungua shauri, na siku hizo zinahitaji kupangwa mapema. Waziri mwenye dhamana ya sheria anaweza kuongeza muda kwa kiasi kisichozidi nusu ya ule uliowekwa, ila huo ni mlango mwembamba, na sijawahi kumshauri mtu ategemee kupita hapo.

Aliyeumia kazini yuko kwenye njia nyingine, na kwa kweli ni njia nyepesi zaidi. Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya mwaka 2008 ndiyo iliyouanzisha Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF, na mfanyakazi hatakiwi kuthibitisha kwamba mwajiri alizembea. Inatosha aonyeshe kwamba ameumia au ameugua kutokana na kazi. Michango inalipwa na mwajiri, haikatwi kwenye mshahara. Yumo humo hata anayehitaji mtu wa kumhudumia kila siku, maana Mfuko una malipo kwa ajili ya huduma hiyo. Kinachowaangusha watu ni kuchelewa kutoa taarifa, na kukubali maneno ya msimamizi kwamba "kampuni itakutibu, usiandike chochote". Atibiwe, ni haki yake. Na iandikwe.

Sasa niingie ndani ya nyumba, kwa sababu ajali haibaki barabarani. Mwenye nyumba akivunjika kiuno, kuna mtu anayemgeuza kitandani usiku, anayeosha vidonda, anayefunga genge lake au kuacha kibarua ili ashinde hospitalini. Mara nyingi mtu huyo ni mke, ingawa nimeona waume wakifanya hivyo kwa uaminifu ule ule. Maumivu, madeni na kukosa kazi vikikaa nyumba moja kwa muda mrefu, ndoa nyingi hutikisika, na zipo zinazoanguka. Hapo linazuka swali ambalo makubaliano ya awali hayakuliwaza: fedha ya fidia ni ya nani? Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, katika kifungu cha 114, inaipa mahakama uwezo wa kugawa mali iliyopatikana wakati wa ndoa kwa juhudi za pamoja. Kwa maoni yangu, maumivu ya mwili wa mtu si juhudi za pamoja, na sioni haki ya kumgawia mwingine malipo ya mguu uliokatwa. Lakini fedha hiyo ikishanunua kiwanja, ikapandisha ukuta, na mwenzi akasimamia mafundi na kuwapikia huku mgonjwa amelala, tumeshatoka kwenye maumivu na tumeingia kwenye jasho la watu wawili. Anayemshauri majeruhi kuhusu fidia bila kumuuliza habari za nyumba yake amefanya nusu ya kazi.

Kutengana kwenyewe hakueleweki vizuri. Watu huona kuna hali mbili tu, kuoana na kuachana. Sheria ya Ndoa inaitambua hali ya tatu: wanandoa kuishi mbalimbali huku ndoa ikiendelea kuwepo, ama kwa makubaliano yao wenyewe, ama kwa amri ya mahakama. Amri ya kutengana inawaondolea wajibu wa kuishi pamoja. Haiwapi ruhusa ya kuoa au kuolewa kana kwamba ndoa imekwisha, na kuhusu matunzo, hutegemea amri yenyewe imeelekeza nini. Mahakama inaweza kuamuru mwenzi na watoto watunzwe wakati shauri likiendelea na hata baada ya amri hiyo kutolewa. Vilevile, kutengana kwa hiari kulikodumu miaka 3 au zaidi ni miongoni mwa mambo ambayo mahakama inaweza kuyapokea kama ushahidi kwamba ndoa imevunjika kiasi cha kutorekebishika. Kwa hiyo tarehe ya kutengana ina uzito. Wanaotengana "kimya kimya", bila hata barua moja inayotaja siku hiyo, hujikuta miaka kadhaa baadaye wakibishana kama aliyeondoka alikwenda kwa makubaliano, alifukuzwa, au alitoroka. Majibu hayo matatu hayapimwi sawa mahakamani.

Hofu kubwa niliyoisikia, na kwa wanawake zaidi, ni kwamba ukitoka nyumbani umepoteza kila kitu. Si kweli. Haki ya mgawanyo wa mali haitegemei umelala wapi mwezi uliopita, inategemea ulichangia nini. Mwenzi mmoja haruhusiwi kuuza, kuweka rehani au kuhamisha nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenzake, na yule mwingine anaweza kuweka zuio kwa msajili kulinda maslahi yake. Ila zuio haliwekwi na jirani wala na dua. Linawekwa kwa fomu, ofisini, kabla mnunuzi hajafika. Hapa tena ni suala la kujua mapema. Nyumba iliyokwishauzwa inaweza kupiganiwa, lakini mapigano hayo ni marefu na ya gharama mara nyingi kuliko zuio lenyewe.

Kuhusu mchango, hakuna shauri linalofundisha kuliko lile la Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, lililoamuliwa na Mahakama ya Rufani mwaka 1983. Kabla yake, mahakama zetu zilikuwa zimegawanyika. Zipo zilizosema kazi za nyumbani ni wajibu wa mke tu, hivyo hazihesabiki, na zipo zilizosema zinahesabika. Jaji Mkuu Francis Nyalali, akiandika hukumu, alilitazama neno "kazi" lililomo kwenye kifungu cha 114, pamoja na ubaya ambao sheria ilikusudia kuuondoa, akahitimisha kwamba kupika, kufua, kulea na kutunza nyumba ni mchango katika kupatikana kwa mali. Kila mwanamke wa Tanzania aliyepata fungu lake kwa sababu ya kazi ya nyumbani tangu siku ile anapita kwenye njia iliyochimbwa na shauri hilo. Linalosahaulika, na ambalo wasemaji wa majukwaani hupenda kuliruka, ni kwamba Bi Hawa mwenyewe hakupata kitu. Mahakama iliona kwamba mumewe alimpa fedha za kuanzisha biashara ya familia, naye akazitumia vibaya, hivyo mchango wake ukawa umefutika. Alishinda hoja, akapoteza fungu.

Nimelirudia shauri hilo mara nyingi akilini, na kila mara naona linafundisha mambo mawili kwa pamoja. Kwanza, kanuni nzuri haimlipi mtu, ushahidi ndio unaomlipa. Mahakama ya Rufani imeendelea kusisitiza kwamba ukubwa wa mchango wa kila mmoja lazima uthibitishwe, na ndugu zetu wa Kenya wamefika mahali karibu na hapo. Katiba yao ya 2010 inawapa wanandoa haki sawa hadi ndoa inapovunjika, lakini Mahakama ya Juu yao ilitamka Januari 2023 kwamba usawa huo haumaanishi nusu kwa nusu moja kwa moja, kila mmoja aonyeshe mchango wake. Pili, ushahidi wa ndoa ni vitu ambavyo hakuna anayevitunza akiwa na furaha. Mali iliyoandikwa jina la mmoja huchukuliwa kuwa ya huyo hadi mwingine athibitishe vinginevyo. Uthibitisho huo ni daftari la kikoba lenye mkopo ulionunua mabati, ujumbe wa muamala wa simu kwa fundi, risiti ya saruji, shahidi aliyekuona ukibeba maji ya zege. Majeruhi naye yuko vivyo hivyo. Gharama alizotumia lazima azitaje moja moja katika madai yake na kuzithibitisha kwa ukamilifu, kuanzia risiti ya dawa hadi nauli ya kwenda kliniki, pamoja na fomu ya polisi, PF3, iliyojazwa na daktari. Maumivu makubwa yasiyo na karatasi hulipwa kidogo kuliko maumivu madogo yenye karatasi. Inauma kuliandika hilo, lakini ndivyo ilivyo, na mtu mzima anastahili kuambiwa mapema.

Wasioandikisha ndoa wasijione wametupwa nje. Kifungu cha 160 kinadhania kuwepo kwa ndoa pale mwanamume na mwanamke walipoishi pamoja kwa miaka 2 au zaidi na jamii ikawajua kama mume na mke. Dhana hiyo inaweza kupingwa kwa ushahidi, lakini hata ikipingwa, mahakama ina uwezo wa kutoa nafuu, yakiwemo matunzo. Na kuhusu watoto, kipimo kikuu ni ustawi wa mtoto, huku sheria ikidhania, isipothibitishwa vinginevyo, kwamba mtoto wa chini ya miaka 7 ni vema akae na mama yake. Makubaliano ya kifamilia yanayomgawa mtoto kama shamba hayaifungi mahakama.

Nimejibizana na wengi kuhusu msimamo huu, na hoja yao ya kwanza ni nzito: sheria inabomoa nyumba. Wanasema mwanasheria akiingia, maneno yanakuwa makali, ndugu wanagawanyika, na jambo ambalo lingeisha kwa kuombana radhi linageuka vita. Nakubali kwamba wapo mawakili wanaochochea. Lakini tutazame Sheria ya Ndoa yenyewe. Kifungu cha 101 kinamzuia mtu kufungua shauri la talaka kabla mgogoro haujapelekwa baraza la usuluhishi wa ndoa, na baraza hilo kushindwa kuwapatanisha na kuthibitisha hivyo kwa hati. Mabaraza hayo yapo kwenye kata, na yapo ya taasisi za dini, yakiwemo ya BAKWATA. Misamaha ipo, kwa mfano mwenzi aliyetoroka na asijulikane alipo. Maana yake ni kwamba suluhu haipingwi na sheria, imeamriwa na sheria. Tena hati ya baraza inatakiwa iwe imetolewa ndani ya miezi 6 kabla ya shauri kufunguliwa, na Mahakama ya Rufani imewahi kufuta mwenendo mzima wa shauri la talaka kwa sababu hati haikuwa halali. Wanandoa wale waliporudi kuanza upya, nani aliyekuwa amewabomolea muda na fedha, ushauri au kukosa ushauri? Mshauri mzuri hukufikisha kwenye baraza ukiwa na utulivu, kwa sababu unajua la kuomba na la kuachia.

Hata hivyo kuna mahali ambapo sikubali suluhu itangulie, napo ni palipo na kipigo. Kifungu cha 66 kinatamka kwamba hakuna mwenye haki ya kumwadhibu mwenzi wake kwa kumpiga, desturi iseme inavyosema. Hapo PF3 ndiyo karatasi ya kwanza, na kikao cha wazee kisubiri. Jeraha lile lile litatumika kwenye shauri la jinai na kwenye shauri la ndoa, na lisipopimwa leo, baada ya wiki mbili kitabaki kidonda kilichofunga na neno la mtu dhidi ya neno la mtu. Funika kombe mwanaharamu apite ni busara kwa mambo mengi ya nyumbani. Kwa hili, nimeliona likiwa kaburi.

Hoja ya pili ni gharama. Wakili ni ghali, na mtu aliyelala hospitali au aliyeondoka nyumbani na mfuko mmoja wa nguo hana pa kuanzia. Ni kweli kwa kesi nzima, na nisingependa kulipaka asali. Lakini ninachodai hapa si kesi nzima, ni mazungumzo ya saa moja kabla ya kusaini. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 imewapa nafasi rasmi wasaidizi wa kisheria, ambao wako hadi vijijini. Hawasimami mahakamani kama mawakili, lakini wanaweza kukusomea karatasi na kukuelekeza. Kuna mashirika kama TAWLA na Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu, LHRC, yanayohudumia wasio na uwezo. Mashauri ya ndoa yanaweza kufunguliwa mahakama ya mwanzo, kwa Kiswahili, karibu na nyumbani. Hatari kubwa kuliko gharama ni vishoka, wale wanaoshinda nje ya mahakama na mahospitali na bahasha za kaki, wakijiita mawakili, wakimwahidi majeruhi mamilioni na kumsainisha hati ya uwakilishi akiwa bado na dripu mkononi. Jina la wakili halisi linaweza kuhakikiwa katika mfumo wa e-Wakili wa Mahakama. Ukishampata, mwombe maandishi yanayoeleza atalipwa nini, lini, na fedha ya fidia itapitia akaunti ya nani. Wakili mwaminifu hakasiriki kwa swali hilo.

Iko pia hoja ya tatu, yenye huruma ndani yake: aliyekosea hana kitu, kwa nini umburuze? Kijana wa bodaboda aliyekopa pikipiki yenyewe hatalipa fidia ya milioni hata ukimshinda mara tatu. Na mume aliyefukuzwa kazi hawezi kutoa matunzo ya kama zamani. Siipuuzi hoja hii, na mara nyingi nimeafiki kwamba suluhu ndogo ilikuwa bora kuliko hukumu kubwa isiyotekelezeka. Ila kwanza tuhakikishe kweli hana kitu: pikipiki ni ya nani, ina bima, alikuwa kazini kwa nani? Tukishajua, basi msamaha wetu utakuwa msamaha. Na hata tunapopokea kidogo, hakuna ulazima wa kuandika kwamba tumepokea vyote.

Ndiyo maana narudi kwenye ule mstari wa mwisho. Mtu akiniuliza aandike nini kwenye karatasi ile ya daftari, kama hana budi kuiandika leo usiku huku ndugu wa pande zote mbili wamekaa, namwambia aandike kilichotolewa na sababu yake: "Nimepokea kiasi hiki kwa ajili ya matibabu ya awali, na kupokea kwangu hakuondoi haki yangu ya kudai fidia kwa mhusika mwingine yeyote au kwa madhara yatakayojitokeza." Kwa wanaotengana, waandike tarehe waliyoanza kuishi mbalimbali na kwamba ni kwa hiari ya wote wawili, watoto wanakaa wapi, nani anatoa nini kila mwezi, na kwamba suala la mali halijaamuliwa. Majina ya mashahidi yaandikwe yote matatu, na namba zao za simu. Ziwe nakala mbili, zisainiwe zote, na kila mmoja aondoke na yake. Ya tatu, kama mtu ana simu yenye kamera, ipigwe picha palepale mezani kabla karatasi haijakunjwa.